Anayeitumia Kumbukumbu Ndiye Aiguse Kwanza

Nilipopewa kazi ya kuandika programu ya kukokotoa maji kujaa na kupwa katika mkondo wa Lamu, nilikuwa nikifanyia kazi nyumbani, mtaa wa Langoni, huku seva yenyewe ikiwa mbali, nayo ilikuwa na vichakataji viwili, kila kimoja na kumbukumbu yake ubavuni. Programu ilikwenda vizuri kwa nyuzi 8, yaani sehemu 8 za programu zinazokwenda kwa wakati mmoja. Nilipoziongeza zikawa 16, nikitarajia muda upungue karibu nusu, ulipungua kidogo mno. Nilishinda juma zima nikitafuta kosa ndani ya hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi.

Kosa lilikuwa katika mstari mmoja mwanzoni, ambapo uzi mkuu ulijaza sufuri katika safu yote ya namba kabla ya nyuzi nyingine kuanza. Katika Linux, programu inapoomba kumbukumbu nyingi kwa malloc, kitendaji cha lugha ya C cha kuomba kumbukumbu, kwa kawaida hupewa anwani tu. Ukurasa halisi, yaani kipande cha kumbukumbu ambacho katika mashine nyingi ni cha baiti 4096, hutolewa pale unapoguswa kwa mara ya kwanza, na kerneli, moyo wa mfumo endeshi, huutoa katika nodi (kichakataji pamoja na kumbukumbu iliyo ubavuni mwake) ya kichakataji kilichougusa, maadamu nodi hiyo ina nafasi. Kwa hiyo uzi mkuu ulikuwa umeiweka safu nzima katika nodi moja, na nyuzi za upande wa pili, kila zilipohitaji namba ambayo haimo katika kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya kichakataji, zililazimika kuifuata kwa jirani.

Aliyewatazama mafundi wa majahazi wa Matondoni ataielewa hasara hiyo. Fundi anayekalafati huweka pamba, nyundo na patasi papo hapo alipochutama chini ya ubavu wa chombo. Akilazimika kuinuka na kuzunguka hadi upande wa pili kila anapotaka kipande cha pamba, jua litakuchwa naye hajamaliza ubao mmoja, hata awe hodari namna gani.

Dawa yake ilikuwa nyepesi: nilifanya kila uzi ujaze sufuri katika sehemu ileile ambayo baadaye utaikokotoa, kisha nikazifunga nyuzi kwenye nodi zake ili mfumo endeshi usizihamishe zikaiacha kumbukumbu nyuma. Mgawanyo wa kujaza na mgawanyo wa kukokotoa lazima ulingane, la sivyo kazi yote ni bure. Jihadhari pia na kumbukumbu iliyoachwa na kuchukuliwa tena ndani ya programu hiyohiyo, kwani kurasa zake huweza kuwa zimekwisha kuguswa zamani na uzi mwingine, nazo hubaki zilipo.

Ninapendelea kuufunga uzi kwenye nodi nzima kuliko kwenye kiini kimoja cha kichakataji, kwa sababu mpangaji wa kerneli hubaki na nafasi ya kuukwepesha kiini chenye shughuli nyingine. Katika numactl, amri ya Linux ya kuchagua nodi za programu na kumbukumbu yake, chaguo la membind ni kali: nodi uliyoitaja ikijaa, programu inaweza kuuawa ilhali nodi ya pili ina nafasi tele, na kwa hiyo preferred, inayoipendelea nodi moja lakini hukubali nyingine ikijaa, hunitosha mara nyingi. Jedwali ambalo nyuzi zote hulisoma kwa usawa ni afadhali kurasa zake zitawanywe kwa zamu katika nodi zote kwa interleave.

Tangu toleo la 3.8 la mwaka 2013, kerneli ya Linux imekuwa na uwezo wa kuzisogeza kurasa yenyewe karibu na nyuzi zinazozitumia. Huduma hiyo husaidia programu zinazoishi muda mrefu, lakini hugundua matumizi kwa kusababisha hitilafu za ukurasa makusudi, yaani kuukatiza uzi unapougusa ukurasa, jambo lenye gharama yake, na kwa kazi fupi huchelewa kufika.

Kabla ya kubadilisha lolote, endesha numactl --hardware uone nodi na umbali wake. 10 ni umbali wa nodi hadi kwake yenyewe, na namba kubwa zaidi ni makadirio ya uwiano, si nanosekunde. Kisha, programu ikiwa inaendelea, fungua faili la numa_maps katika saraka yake chini ya /proc. Mimi nilipolifungua mara ya kwanza, mstari wa ile safu kubwa ulikuwa na N0 peke yake, yaani kurasa zote zilikuwa katika nodi 0, na baada ya marekebisho N0 na N1 zilikaribiana, nazo nyuzi 16 zikaanza kufanya kazi ya nyuzi 16.