Miwani ya easofti: kali na salama

SWALI: Anko mambo, mi niko Manchester, wana wamenivuta kwenye easofti, ule mchezo wa kufyatuliana vigololi vya plastiki vya milimita 6. Nna miwani yangu nyeusi ya jua imenikaa poa kinoma, naweza kuingia nayo? Ile ya kinga naiona kama ya fundi wa kuchomelea.

JIBU: Mdogo wangu hapana, tafadhali hiyo iache nyumbani, kigololi kinaweza kuja kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde na pembeni uko wazi kabisa, kikipenya hapo jicho halina spea. Ukifika dukani ishike miwani mkononi, geuza, tafuta kaherufi kadogo kwenye kioo, na kwenye fremu pia karibu na maandishi EN 166, yaani kiwango cha Ulaya cha miwani ya kinga. F maana yake imepigwa kigololi cha chuma kwa mita 45 kwa sekunde, B ni mita 120. Wewe chukua B, na herufi zikitofautiana hesabu ile ya chini. B huipati kwenye miwani ya kawaida ya masikioni, ni ile ya mkanda inayofunga jicho lote, lakini siku hizi zipo nyembamba, kioo cha moshi au rangi ya kahawia, mbona utapendeza tu! Tafuta yenye vioo viwili vilivyopandana, kimoja mbele ya kingine, isishike ukungu, maana wengi wanaivua uwanjani wafute na hapo ndo wanaumia. Ukungu ukikuzidi, toka nje ya uwanja kwanza ndo uvue.