Mvua ya Vumbi Nakuru: Ninavyosafisha Nyumba Nje kwa Mitungi Miwili ya Maji

Wakazi wa Nakuru tunalijua vumbi tangu zamani. Hata jina la mji, ambalo asili yake ni Kimaasai, kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni mahali pa vumbi. Kuanzia Januari hadi Machi, mashamba yakiwa yamelimwa yakingoja mbegu na barabara za muramu zikiwa zimekauka kabisa, upepo wa alasiri huinua udongo mwepesi wenye asili ya volkano na kuuacha ukielea juu ya mitaa. Kisha manyunyu ya kwanza ya masika huja. Hayana nguvu ya kuosha kitu. Hulishusha tu vumbi lile, na asubuhi utakuta madirisha, ngazi, paa, gari na nguo zilizosahaulika kwenye kamba zimepakwa matope mepesi yenye rangi ya chai ya maziwa.

Kwa miaka kadhaa niliyakabili matope hayo kwa mpira wa maji, mara tu nilipoamka. Siku moja niliweka mtungi wa lita 20 chini ya mpira huo nikatazama saa: ulijaa kwa dakika moja na sekunde chache. Kazi yangu ya kila mvua ilichukua kama dakika 25, yaani zaidi ya lita 400. Katika mtaa ambao maji ya bomba huja kwa zamu, na ambao majirani wengi hununua maji ya mkokoteni, nilikuwa nikimwaga sakafuni maji ambayo familia ya watu watano inayobana matumizi ingeyatumia kwa siku tatu au nne. Na bado ua haukuwa safi, kwa sababu matope niliyoyasukuma kwa maji yaliingia katikati ya matofali ya kabro yakagandia humo, na mengine yakajaza mtaro wa mbele ya lango hadi nikalazimika kuuzibua kwa koleo.

Aliyenirekebisha ni mama yangu, aliyekulia Molo katika nyumba ya sakafu ya udongo. Alinikuta asubuhi moja nikiwa nimeshika mpira, akaniambia, “Mwanangu, matope hayo yaache yarudi kuwa udongo kwanza, kisha uyafagie. Maji utayahitaji mwishoni, tena kidogo.” Tangu siku hiyo nimefuata mpangilio wake, nikiongeza mambo machache niliyojifunza mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kungoja wakati unaofaa. Matope yakiwa mabichi, fagio huyasambaza. Yakikauka kabisa, hugeuka unga unaopaa na kurudi juu ya madirisha na vifuani mwetu. Kipindi kizuri kiko katikati, na mimi hukitambua kwa kidole: nikibonyeza sakafu na alama ikabaki bila udongo kunata kwenye ngozi, basi wakati umefika. Katika jua la saa nne asubuhi hali hiyo hufika mapema kwenye kabro na huchelewa kwenye vigae vya veranda vilivyo kivulini, kwa hiyo huanza na ua kisha nikaingia veranda. Ikitokea nimechelewa na udongo umekuwa unga, huchota maji kwa kiganja na kuyanyunyiza kama wanavyofanya wanaofagia ua wa udongo alfajiri. Bakuli moja linatosha ua mzima. Fagio la njiti hufanya kazi vizuri kwenye kabro, ila kwenye vigae hutumia fagio laini, kwa maana udongo wetu una chembechembe ngumu zinazokwaruza. Udongo unaokusanywa huupeleka kwenye bustani ya mboga, si mtaroni.

Ngazi na vigae vyake laini havingoji, kwa sababu matope haya huteleza sana na nyumbani kuna wazee na watoto. Hapo hutandika gunia kuukuu au kupiga deki kwa tambara lililokamuliwa, na hiyo ndiyo sehemu pekee ninayoigusa ikiwa bado mbichi.

Madirisha yanahitaji subira zaidi kuliko kitu kingine chochote. Ukiangalia kioo kwa karibu baada ya mvua ya vumbi, utaona kwamba kila tone limeacha duara lenye ukingo mzito wa kahawia na katikati iliyo karibu safi, kwa sababu tone linapokauka husukuma vumbi lake pembeni. Ukipangusa duara hizo zikiwa kavu, unaziburuta chembe ngumu juu ya kioo, na mikwaruzo hiyo haitoki tena. Mimi huanza kwa brashi laini ya kupakia rangi, nikipunguza vumbi kwenye fremu na kona. Kisha huchovya kitambaa cha pamba katika maji safi, nikakibandika juu ya kioo na kukiacha kwa muda ili ukingo ule ulainike, halafu nikavuta mara moja kutoka juu kwenda chini bila kuzungusha mkono. Baada ya kila mvuto hukunja kitambaa na kutumia upande mwingine. Dirisha la sebuleni, ambalo ndilo kubwa, humalizika kwa maji yasiyozidi lita moja. Hapa ni vyema kutumia maji ya mvua, kwa sababu maji ya visima vingi vya eneo letu yana madini mengi na huacha madoa meupe yanapokauka.

Maji hayo ya mvua nayo nayapata kutoka kwenye paa lililochafuka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, hivyo paa langu la mita 60 za mraba hutoa kama lita 60 kwa kila milimita. Maji ya mwanzo hubeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege, na hayafai kuingia kwenye tangi la matumizi ya nyumbani. Badala ya kuyaacha yapotee, hugeuza kiungo cha bomba la gata ili yaingie kwenye pipa lililo kando, na paa likishasafika hukirudisha kuelekea tangi. Pipa hulifunika ili mbu wasizaliane. Baada ya usiku mmoja udongo huwa umetuama chini, na maji ya juu, ninayoyachota taratibu kwa kopo, yanatosha kwa madirisha, veranda na milango. Ua nao husuguliwa tu palipo na madoa, kwa maji ya suuza ya mwisho ya nguo. Kwa jumla situmii zaidi ya mitungi miwili.

Sabuni ninaitumia mara chache sana, na ningependa majirani wenzangu walifikirie jambo hili. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka ndani yake. Kinachoingia hubaki, na maji mengi ya mitaro ya mji huteremka kuelekea huko. Vumbi la mvua si mafuta, hivyo sabuni hailiongezei wepesi wowote wa kutoka.

Paneli za sola huzipangusa alfajiri zikiwa baridi, kwa kitambaa laini kilicholowa, bila sabuni ya unga wala steelwool. Gari hulimwagia kopo chache kutoka juu kabla ya kuligusa kwa kitambaa, kwa sababu ile ile ya mikwaruzo.

Manyunyu ya kwanza mara nyingi hufuatwa na mengine siku ya pili au ya tatu, na anayesafisha kila kitu baada ya mvua ya kwanza hurudia kazi nzima. Leo asubuhi nimefagia ngazi na mlango wa mbele tu. Mawingu yamefunga upande wa mlima Menengai, kwa hiyo madirisha yangu yatangoja hadi Jumamosi.