Mdomo wa shomoro umejipinda: tumkate?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kila asubuhi ninaweka chenga za mchele na ulezi katika sahani juu ya ukuta wa nyumba yetu, na shomoro huja wengi. Tangu majuma mawili namwona mmoja ambaye mdomo wake wa juu umerefuka na kushuka kama ndoano, hata hawezi kudonoa ila kwa kulaza kichwa ubavu. Mwanangu anataka tumkamate tumkate kwa kikata kucha. Je, ni ugonjwa? Nina kuku tisa, wataambukizwa?
Mama msomaji, Nguba, Bukavu

JIBU: Mama, mzuie mwanao kwanza, ingawa huruma yake ni njema. Mdomo wa ndege ni mfupa uliovikwa ganda la keratini, kitu kile kile kinachofanya kucha zetu. Ganda hilo huota maisha yote, na ndege hulipunguza kwa kudonoa na kwa kulisugua kwenye matawi. Chini yake imo mishipa ya damu na ya fahamu, na kiumbe cha gramu 25 hivi hakina damu ya kupoteza.

Sababu ni nyingi. Ndege aliyejigonga kwenye kioo cha dirisha huweza kuteguka taya, na sehemu mbili za mdomo zisipokutana hazisuguani tena, basi hurefuka. Utitiri unaochimba ngozi, ndui ya ndege na upungufu wa kalsiamu au vitamini D navyo huharibu mdomo. Huko Alaska, Marekani, tangu mwisho wa miaka ya 1990, ndege wadogo wenye utosi mweusi waitwao chickadee wameonekana na midomo mirefu iliyopishana kama mkasi, na watafiti walikadiria kwamba asilimia 6.5 ya waliokomaa wanao ugonjwa huo. Mwaka 2016 walitangaza virusi vipya, poesivirusi, vinavyoandamana nao. Kinachowaua wengi si njaa peke yake: ndege asiyeweza kunyoosha manyoya yake kwa mdomo hulowa, na baridi humwingia.

Hata hivyo, shomoro mmoja katika kundi zima hutufanya tufikirie ajali kabla ya virusi. Mtazame manyoya: yakiwa safi na makavu baada ya mvua, bado anajimudu. Mwekee chenga laini katika sahani isiyo na kina, ambamo ataweza kuzoa kwa ubavu wa mdomo.

Kuhusu kuku, hofu yetu ni sahani chafu kuliko mdomo wenyewe, kwa kuwa salmonela, vijidudu vya kuharisha, na ndui husambaa pale ndege wengi wanapokula na kunya pamoja. Ioshe walau kila majuma mawili kwa sehemu moja ya javeli (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) na tisa za maji, uisuuze, uianike ikauke kabisa, na kuku wasiokote chini ya ukuta huo. Ukiona vinundu machoni au miguuni mwa ndege yeyote, acha kuwalisha kwa muda na umwite daktari wa mifugo. Na akitokea shomoro wa pili mwenye mdomo wa namna hiyo, andika tarehe, mpige picha kwa ubavu, kisha utuandikie tena upesi.