Maswali ya Wasomaji: "She goes", lakini "Did she go?"

SWALI: Ndugu Mhariri, nimefundishwa kwamba kitenzi cha Kiingereza huongezewa "s" au "es" pale kiima kinapokuwa "he", "she" au "it". Mbona basi nikiandika "Did she goes?" nasahihishwa?

JIBU: Kanuni uliyofundishwa ni sahihi, ila inahusu wakati uliopo tu, na alama hiyo hubebwa na kitenzi kimoja katika kishazi. Kisaidizi "do" kinapoingia ili kuunda swali au ukanushi, chenyewe ndicho kinachobeba alama ya nafsi na ya wakati, nacho kitenzi kikuu hubaki katika umbo lake la asili: "Does she go?", "She does not go", "Did she go?". Vitenzi kama "can", "will" na "must" havichukui "s" kamwe, wala kile kinachovifuata.

Wakati uliopita una nafuu ambayo wanafunzi wengi hawaitambui, kwani "went" hutumika kwa nafsi zote. Ni "be" peke yake inayobadilika, ikiwa "was" kwa "I", "he", "she" na "it", na "were" kwa nafsi nyingine.

Ugumu hasa umo katika umbo la tatu. "She has went" ni kosa katika Kiingereza sanifu. Baada ya "has", "have" au "had" sharti iwe "gone". Nakusihi ujifunze "go, went, gone" kwa pamoja, kisha "see, saw, seen" na "write, wrote, written", kabla ya kuhangaika na orodha ndefu za vitenzi ambavyo hutavitumia mara kwa mara.