Maswali na Majibu: Minyoo na Vimelea Ndani ya Nyoka Unayemfuga

Barua zilizofika safari hii karibu zote zinahusu vitu visivyoonekana, vilivyomo tumboni na mapafuni mwa nyoka. Mbili zilizofanana nimeziunganisha.

Swali: Shikamoo daktari. Chatu wangu ana mwaka mmoja, anakula vizuri na anajivua gamba bila shida. Rafiki ameniambia nimpe dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3 kama tunavyowapa mbwa. Nianze na ipi?

Jibu: Marahaba. Usianze na yoyote; anza na kinyesi chake. Mbwa ana ratiba ya dawa kwa sababu anazurura na kulamba kila kitu. Chatu aliyezaliwa kifungoni na kulishwa panya waliogandishwa anaweza kuishi miaka bila mnyoo hata mmoja, na ukimpa dawa unakuwa umembebesha sumu bure. Aliyekamatwa porini ni habari nyingine. Huyo mhesabu kuwa ana vimelea mpaka hadubini iseme vinginevyo.

Kinachonikosesha usingizi ni ivermektini, dawa ya vimelea ya ng'ombe. Dawa ya sindano ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Kipimo kinachotumika sana kwa nyoka ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo chatu wa gramu 500 anahitaji miligramu 0.1, ambayo ni mililita 0.01. Tone la kawaida ni kama mililita 0.05. Ukimdondoshea tone moja tu mdomoni umeshampa mara tano ya kipimo chake. Nyoka aliyezidishiwa hulegea, hushindwa kujigeuza akilazwa chali, na wengine hufa. Kobe hapaswi kupewa dawa hiyo kabisa, maana humuua.

Fenbendazoli, ambayo wafugaji wengi huiona dawa ya upole, ikizidi hudhoofisha uboho wa mifupa unaotengeneza chembe nyeupe za damu. Metronidazoli ikizidi hudhuru neva. Na kila dawa ina kazi yake: fenbendazoli ni ya minyoo ya mviringo, prazikwanteli ya tegu, metronidazoli ya ameba. Kipimo hupangwa na daktari aliyempima nyoka kwenye mizani na kuona mayai kwa hadubini. Tafadhali, msikadirie kwa macho.

Swali: Nimepeleka kinyesi maabara, wakaniambia hakifai. Nilikosea wapi?

Jibu: Huenda ulipeleka ile sehemu nyeupe kama chaki. Huo ni mkojo wa nyoka, si kinyesi. Mayai ya minyoo yatafute kwenye sehemu ya kahawia. Ichukue ikiwa mbichi, itie kwenye kikopo safi chenye kifuniko ili isikauke, na kama huwezi kuipeleka mara moja iweke kwenye friji isizidi siku moja. Ila ameba hailindwi na friji: kama kuna kamasi au damu, peleka kinyesi kikiwa bado na joto, kwa sababu ameba hutambulika kwa urahisi zaidi ikiwa hai na inajongea.

Kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi. Vimelea wengi hawatoi mayai kila siku. Mimi huomba sampuli tatu, zenye wiki kadhaa kati yake, kabla sijasema nyoka ni safi.

Swali: Nyoka wangu anatapika panya siku ya tatu au ya nne baada ya kula. Sasa naona uvimbe katikati ya mwili hata akiwa na njaa. Nimebadilisha panya mara mbili, bado. Ni minyoo? (Msomaji mwingine ameuliza karibu hivyo hivyo, ila nyoka wake hana uvimbe.)

Jibu: Nianze na asiye na uvimbe, kwa sababu mara nyingi huyo hana kimelea chochote. Nyoka hutapika akikosa joto la kutosha kusaga chakula, akipewa panya mkubwa mno, au akishikwashikwa mara tu baada ya kula. Pima joto la upande wenye moto kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Kisha mwache apumzike siku 10 hadi 14 bila chakula ila maji, halafu mpe panya mdogo kuliko yule wa kawaida. Kumlisha haraka baada ya kutapika kunamwongezea madhara, kwani asidi ya tumbo imetoka na koo limechubuka.

Mwenye uvimbe ananitia hofu. Uvimbe usioondoka mahali tumbo lilipo, pamoja na kutapika kunakojirudia, ndiyo sura ya Cryptosporidium serpentis. Huyu si mnyoo, ni protozoa, kiumbe wa chembe moja. Anakaa kwenye ukuta wa tumbo, ukuta unanenepa, nafasi ya ndani inabana, na chakula hakisagwi wala hakipiti. Nyoka anakonda huku katikati amevimba. Wengine huonekana wazima kwa muda mrefu huku wakimwaga vimelea mara kwa mara kwenye kinyesi, na hao ndio wanaoambukiza wenzao bila mtu kujua.

Kipimo cha kawaida cha kuelesha mayai juu ya maji humkosa kwa urahisi. Omba kinyesi kipakwe rangi maalumu ya kutambua vimelea hivi au kipimwe kwa PCR, yaani kutafuta vinasaba vya kimelea, na ikiwezekana daktari asafishe tumbo kwa maji ya chumvi, siku chache baada ya mlo, apime maji hayo. Hakuna dawa iliyothibitika kumwondoa kabisa. Paromomisini inaweza kupunguza idadi inayotoka, lakini nyoka hubaki mgonjwa. Ikithibitika, una njia mbili: kumtenga maisha yake yote, au kumpumzisha kwa sindano kama anateseka. Najua ni vigumu kusoma maneno haya ukiwa na nyoka uliyemlea tangu akiwa mwembamba kama kalamu. Ila usimuuze na usimpe mtu mwingine.

Klorini ya kufulia haimuui kimelea huyu kwa viwango vya kawaida. Kinachofanya kazi ni mvuke wa moto, kukausha kabisa, na amonia ya asilimia 5 iliyoachwa ikae muda wa kutosha. Kamwe usichanganye amonia na klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Vyombo vya mbao vyenye nyufa, tupa.

Swali: Nina kobe wawili na nyoka mmoja katika chumba kimoja. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Kobe wengi hubeba ameba aitwaye Entamoeba invadens bila kuumwa. Akiingia kwa nyoka hutoboa ukuta wa utumbo mpana. Kinyesi hutoka na kamasi na damu, nyoka anakataa kula, na asipotibiwa mapema anakufa. Kila mmoja awe na bakuli lake la maji na koleo lake. Hudumia nyoka kwanza, kobe mwisho, na unawe mikono kati yao.

Swali: Majibu ya maabara yanasema kuna mayai ya minyoo ya panya. Nimtibu?

Jibu: Hapana. Panya ana minyoo yake, na mayai hayo hupita tumboni mwa nyoka pamoja na nyama na kutokea upande wa pili bila kumdhuru. Mwulize aliyepima kama ana uhakika ni ya panya, kisha urudie baada ya mlo mwingine. Kugandisha panya kwa wiki kadhaa huua vimelea wengi, ingawa si wote.

Swali: Je, mimi na watoto tunaweza kuambukizwa?

Jibu: Vimelea wengi wa nyoka hawana haja na binadamu. Anayestahili kuogopwa ni pentastomu, ndugu wa kamba na kaa ingawa ana umbo la mnyoo, anayekaa kwenye mapafu ya nyoka. Mmoja wao, Armillifer armillatus, hupatikana kwa chatu na kifutu wa Afrika. Mayai yake hutoka kwa mate na kinyesi, na mtu akiyameza viluwiluwi hujikunja kwenye ini au utando wa tumbo, mara nyingi bila dalili, hadi vije kuonekana kwa bahati kwenye picha ya eksirei. Nyoka wa porini anayepumua kwa mdomo wazi au mwenye ute mwingi kooni achunguzwe mapafu kabla ya kupewa dawa, kwa kuwa pentastomu waliokufa humo ndani huleta uvimbe mkali.

Mnamo 2022, madaktari wa Canberra, Australia, walitoa mnyoo hai wa sentimita 8 kwenye ubongo wa mwanamke. Ulikuwa Ophidascaris robertsi, mnyoo wa chatu. Mwanamke huyo hakuwa amemshika nyoka. Inadhaniwa alimeza mayai kupitia mboga za porini alizochuma karibu na mahali chatu wanapoishi. Tukio hilo ni nadra mno, lakini linaonyesha kwa nini mikono huoshwa kwa sabuni baada ya kugusa tangi, na kwa nini bakuli la nyoka halioshwi kwenye sinki la jikoni.

Swali: Nyoka wangu amekufa jana usiku. Nina wengine wanne. Nimzike tu?

Jibu: Pole sana. Usimzike kwanza. Mfunge kwenye mfuko wa plastiki, mweke kwenye friji, si kwenye friza, kwa sababu barafu huharibu nyama na daktari hataona kitu kwa hadubini. Mpeleke kwa daktari leo au kesho ampasue kutafuta chanzo cha kifo. Hao wanne wabaki kila mmoja mahali pake, usihamishe bakuli wala gogo la kujifichia kutoka tangi moja kwenda lingine, na toa malalo yote ya zamani utandike karatasi ili kinyesi kionekane mara kikitoka.