Vibua na mvinyo wa Dodoma

SWALI: Shikamoo Shangazi. Wifi yangu alikuja kutoka Dodoma na chupa mbili za mvinyo mwekundu wa huko, mmoja mkavu (usio mtamu), mwingine mtamu. Jumapili tukafungua ule mkavu, tukala na vibua vya kukaanga, ndimu na pilipili pembeni. Mume wangu alipiga funda moja akaweka glasi chini, akasema unanuka chuma, mvinyo wa nyumbani ndivyo ulivyo. Mwisho wa mwezi wakwe zangu wanakuja, nao hupenda glasi moja moja. Nipike nini ili nisiaibike? — Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mumeo mvinyo hauna kosa, aliyeharibu ni kibua. Mvinyo mwekundu huwa na chembe za madini ya chuma, na zikikutana na mafuta ya samaki, hasa wa mafuta mengi kama kibua, kinywani inabaki shombo ya msumari uliolowa. Mwekundu wa Ufaransa nao ungeweza kuwafanyia hivyo hivyo. Halafu mkaongeza pilipili, ambayo huwasha zaidi ikikutana na kilevi.

Nimekulia Hombolo, huko huko Dodoma, na neno hilo la "mvinyo wa nyumbani ndivyo ulivyo" linaniuma. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Msimu ukifika tulikuwa tunarudi jioni vidole vyeusi, sabuni haitoi. Zabibu nyekundu ya kwetu inaitwa Makutupora. Ukiipata, menya tunda moja, utafune ganda peke yake: ulimi unakauka kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Huo ndio ukakasi. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda na mbegu zake, ndipo unapopata rangi, na ukakasi unaingia humo humo.

Ukakasi unataka nyama yenye mafuta. Kwa hiyo wakwe wapikie mbuzi. Chukua mbavu, usizikwangue mafuta, zipake chumvi na kitunguu saumu, zichomwe polepole mpaka mafuta yaanze kudondokea makaa. Ukitafuna ubavu kisha ukanywa, ukakasi unashikana na nyama na mafuta badala ya kushika ulimi, na mvinyo uliokuwa mkali unakuwa laini. Chumvi nayo husaidia, ila usikose kipimo. Ndimu ipunguze kwenye kachumbari, maana ukali wake huufanya mvinyo uonekane umepooza. Pilipili iwe kwenye kibakuli chake, anayeitaka ajichotee. Kama mbuzi ni ghali, ng'ombe wa mchuzi mzito, aliyechemka hadi mfupa unaachia, anatosha kabisa. Kuku wa kisasa sikushauri, ni mwepesi mno kwa mvinyo huu. Wa kienyeji sawa.

Ule mtamu usiuweke mezani na mbavu. Huo ndio rafiki wa pilipili, kwa hiyo mishikaki iliyokolea viungo, wakati watu wanasubiri chakula, inaufaa sana. Lakini usiuambatanishe na halua: kitu kitamu kuliko mvinyo huufanya uonekane mchachu.

Kuna jambo lingine ambalo hukuniuliza, nami nadhani lilichangia. Chupa ilikaa wapi? Wengi husema mvinyo mwekundu hunyweka bila kupozwa, lakini kauli hiyo ni ya nchi za baridi. Sebule ya Tabata ina nyuzi 30, na mvinyo ukiwa na joto hilo unanuka kilevi tupu. Uweke kwenye friji kwa muda wa saa mbili hivi, uutoe ukiwa umepoa bila kugandisha mkono. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Ukibaki, rudisha kizibo, chupa irudi kwenye friji, na umalizeni ndani ya siku tatu.

Na kama mkwe mmojawapo hanywi, mchemshie rosela yenye sukari kidogo. Nayo ina ukakasi wake, itakwenda vizuri na mbavu zile zile.