Mtambo wa upepo uliosimama nao huchakaa

Watu wengi husikiliza giaboksi na kusahau shina la panga, pale linapofungwa kwenye kitovu. Beringi ya hapo haizunguki. Hugeuka nyuzi chache, hurudi, hugeuka tena. Mtambo ukisimama ni mbaya zaidi: upepo hulitikisa panga, gololi zikacheza palepale kwa sehemu ndogo ya milimita, grisi ikasukumwa pembeni na isipate nafasi ya kurudi. Chuma hugusana na chuma. Dalili yake ni unga mwekundu kama kutu kwenye grisi inayotoka, na unga huo nao husaga kama msasa.

Kwa hiyo mtambo unaosubiri umeme au kipuri unahitaji matunzo kuliko unaozalisha. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana, Kenya, ilikuwa imesimikwa mwaka 2017, laini ya umeme ya kwenda kituo cha Suswa ikakamilika 2018. Kwenye kusubiri kwa namna hiyo, jenereta ndogo ya kugeuza mapanga mara kwa mara ni gharama ndogo ukilinganisha na kreni ya kushusha panga.

Kabla ya kupanda, pima pampu yako. Piga mara 10 juu ya karatasi, weka kwenye mizani ya jikoni, gawanya kwa 10. Pampu ya mkono mara nyingi hutoa gramu 1 hivi kwa pigo, ila usibahatishe. Kama kitabu cha mtambo kinataka gramu 300 na beringi ina nipeli (vichwa vya kutilia grisi) 12, kila nipeli inapata 25. Hakikisha pia aina ya grisi: ya lithiamu ikichanganywa na ya poliurea inaweza kulainika ikavuja, au kukauka ikaziba njia.

Ukifika juu, funga rota, yaani kitovu na mapanga yake, kwa pini yake na ugeuze panga moja tu kwa wakati, mengine mawili yakiwa yamekwepeshwa upepo. Futa kila nipeli kwanza, maana vumbi lililoganda pale ndilo utakalolisukuma ndani. Toa chupa zinazokinga grisi kuukuu inayotoka, zisafishe. Tia robo ya kipimo, geuza panga kutoka nyuzi 0 hadi 90 na kurudi, tia robo nyingine, hadi kipimo kiishe. Kutia grisi yote panga likiwa limetulia ni kujaza mfuko mmoja na kuacha mwingine mkavu.

Pampu ikiwa nzito ghafla, acha. Tundu la kutokea limezibwa na grisi iliyokauka. Ukilazimisha, sili inachomoka na grisi inatiririka hadi kwenye panga. Zibua tundu, kisha endelea.

Grisi iliyotoka ipake nyembamba kwenye karatasi nyeupe, upitishe sumaku chini yake. Chembe zikisimama, chuma kinamenyeka. Zisiposimama usishangilie haraka: unga mwekundu huvutwa na sumaku kidogo mno, kwa hiyo rangi ina uzito wake.

Giaboksi nayo hupumua hewa yenye unyevu ikiwa imesimama. Angalia chembe za kunyonya unyevu kwenye kipumulio kama zimebadilika rangi, na maji kwenye oili yasizidi ppm 500 (sehemu 500 kwa milioni).

Na kama upepo na maelekezo ya mtengenezaji yanaruhusu, usiache rota imefungwa kwa pini wiki nzima. Iache izunguke polepole bila mzigo, gololi zibadilishe mahali.